Kope Zinapogeukia Ndani: Tulivyomwuguza Mama Mkubwa

Ukifika Masukulu wilayani Rungwe miezi ya masika, huwezi kuamini kwamba katika nchi hii hii kuna mahali watu wanapima maji kwa kikombe. Migomba imetota, njia inateleza, na kila bonde lina kijito chake. Mama mkubwa, dada wa mama yetu mzazi, alizaliwa huko. Lakini ndoa ilimpeleka Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mumewe alichunga ng'ombe wa ranchi. Kongwa ndiko Waingereza walikojaribu mradi mkubwa wa karanga kuanzia 1947, ukawashinda, na ukame ulikuwa mojawapo ya sababu. Huko mama mkubwa alilea watoto sita wa kwake na wengine wa mashemeji. Maji yalichotwa mbali. Yakifika nyumbani, kwanza ni ya kupika, kisha ya kunywa, kisha ya ndama. Ya kunawisha mtoto uso yalikumbukwa mwisho, kama yamebaki.

Alipofiwa na mumewe akarudi kwao, tuliona kwamba mfukoni mwa gauni lake, pamoja na leso na hela ya sadaka, kulikaa kikoleo kidogo. Kila Jumamosi alimwita mjukuu wake wa kike, wakakaa mlangoni penye mwanga, na mtoto akamng'oa kope moja moja. Bibi akishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," basi kazi imekwisha hadi wiki ijayo. Sisi tuliichukulia kuwa desturi ya wazee. Tunaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mjukuu alipomaliza darasa la saba ilieleweka kwamba Januari angekwenda shule ya bweni. Mama mkubwa akauliza swali moja tu: "Sasa nani atanitoa kope?"

Ndipo tulipompeleka kwa mganga wa macho. Akalipindua ukope wa juu kwa kidole na kutuonyesha makovu meupe kwa ndani. Huo ni ugonjwa wa vikope, au trakoma. Husababishwa na kijidudu kinachosafiri kwa vidole, kwa kanga ya kufutia uso, na kwa nzi wanaotua machoni pa mtoto. Mtu akiambukizwa tena na tena tangu utoto, sehemu ya ndani ya ukope hupata makovu, makovu hukaza, na ukingo wa ukope hujikunja. Kope zinageukia ndani. Kila apepesapo jicho, zinakwaruza kile kioo cha mbele ya jicho, mpaka kinaota ukungu. Akina mama huugua zaidi kuliko wanaume, maana ndio wanaoshika watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mwanamke kupofuka kwa ugonjwa huu yaweza kufika mara nne ya ile ya mwanamume.

Jicho la kulia la mama mkubwa lilikuwa limekwisha kuota ukungu. La kushoto lilikuwa bado linaona. Mganga alituambia wazi kwamba upasuaji haurudishi kilichopotea, bali unazuia kisipotee kilichobaki. Kwa hiyo alitaka kuanza na la kushoto.

Hapo pakawa na vita. Mama mkubwa alikuwa amesikia kwamba hospitali hulitoa jicho nje, likawekwa kwenye sahani, likasafishwa na kurudishwa. Na kama nzi akitua? Tusimcheke, ni wengi wanaoamini hivyo. Jirani mmoja naye alileta majani ya kukamulia jichoni, akiapa yamemponya shemeji yake. Wapendwa, chochote cha kukamuliwa jichoni kisichotoka kwa mganga wa macho kinaweza kulichoma jicho likapofuka kwa siku moja. Tuliyapokea kwa adabu, tukayatupa nyuma ya zizi.

Kilichomlainisha mama mkubwa ni maelezo ya muuguzi, aliyetumia ukingo wa kitenge chake mwenyewe. Aliukunja kwa ndani, akasema, "Hivi ndivyo ukope wako ulivyo." Akaupasua kwa kidole hewani, akaugeuza nje, akaonyesha pa kushona. Jicho lenyewe haliguswi. Mama mkubwa akauliza kama litafumba vizuri baadaye, na kama atatisha watu. Swali la pili lilitushangaza, kwa mjane wa umri wake. Lakini mbona wako wanaokatwa kope kwa ajili ya urembo tu, ngozi iliyolegea iondolewe? Uso ni uso.

Matayarisho si mengi, ila yasipuuzwe. Wauguzi walitaka kujua dawa zote anazokunywa, pamoja na za kienyeji, na hasa kama ana presha au kisukari, au anatumia aspirini, ambayo huongeza kutoka damu. Dawa ya presha asiiache kwa kujiamulia. Uso uoshwe kwa sabuni asubuhi ile, bila wanja wala mafuta. Awe na mtu wa kumshika mkono wakati wa kurudi. Nasi tukaongeza letu: tulichagua Oktoba, kabla mvua hazijaharibu njia, maana kutoka Masukulu hadi Tukuyu ni mashimo, na kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kilometa zipatazo 70 za lami yenye kona.

Siku yenyewe alilazwa chali, macho wazi, akili timamu. Kilichouma ni sindano ya ganzi. "Kama siafu," alisema. Baada ya hapo alisikia kuvutwavutwa tu. Haikufika saa nzima. Akatoka jicho limefungwa bandeji.

Jambo moja hatukulifikiria. Jicho lililofungwa lilikuwa ndilo linaloona! Usiku ule mama mkubwa alikuwa kipofu kabisa, nyumba ya ugenini, choo kiko nje. Mkamwana wake alilala mlangoni pake, kidole chake kimefungwa kwa uzi kwenye kidole cha mkwewe, ili akiamka amwamshe. Kama mgonjwa wako ana jicho moja tu, jipange kwa usiku huo.

Kesho yake bandeji ilitolewa. Ukope ulikuwa umevimba na kuwa mweusi kama zambarau. Hiyo ni kawaida, na hupungua siku baada ya siku. Alipewa dawa ya mafuta ya kupaka, panadol ya maumivu, na maagizo: alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili, asifikiche, asiiname kulima, asibebe ndoo wala mkungu wa ndizi mpaka nyuzi zitoke. Na arudishwe mbio endapo maumivu yanazidi badala ya kupungua, damu haikomi, usaha unatoka, jicho halifumbi, au macho yanafifia ghafla.

Nyumbani adui mkubwa alikuwa moshi. Jiko la kuni la Masukulu ni mahali pa mazungumzo pia, na mama mkubwa hakuweza kukaa mbali nalo. Siku ya tatu tulimkuta amejipenyeza anamenya viazi huku machozi yanamtoka. Mkamwana hakugomba. Alihamishia viazi barazani, na wazee wenzake wakamfuata huko.

Jumapili akataka kwenda ibadani. Njiani watu wawili walimwuliza nani amempiga. Akawajibu kwamba mumewe amefufuka.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa. Mganga alimwambia apepese. Akapepesa, akanyamaza, akapepesa tena mara nyingi. Hakuna kilichokwaruza.

Tusifiche kwamba kope huweza kurudi. Mwezi Aprili alianza tena kulifikicha jicho pembeni. Tulikwenda mvua ikinyesha, na muuguzi akakuta kope mbili zimegeuka, akazing'oa, akasema atazamwe mara kwa mara. Akatuambia pia kwamba jirani zetu wa ng'ambo ya Songwe, Malawi, walithibitishwa mwaka 2022 kuwa wameutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la jamii. Mama mkubwa akauliza kama Kongwa nao wamepata maji.

Safari ya jicho la kulia ni Julai, mvua zikikatika. Halitaona zaidi, ila maumivu yatakwisha. Mkamwana ameanza kuweka nauli kwenye kopo la Blue Band, na kikoleo bado kimo mfukoni mwa gauni.