Wavu Mdogo Ndani ya Kichwa

Fungua daftari lako uandike neno la leo: ki-ha-ru-si.

Umepata kumwona mtu mzima kabisa, mara mdomo unakwenda upande, mkono unaanguka, na maneno hayatoki sawasawa. Wengine husema ni pepo, na saa nzima inapotea wakitafuta mtu wa kumpunga. Mara nyingi jambo lenyewe ni hili: pande la damu iliyoganda limeziba mshipa uendao kwenye ubongo. Sehemu ile haipati damu, nayo huanza kufa. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu: mshipa mkubwa ukizibwa, ubongo hupoteza chembe hai zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Somo letu ni la dakika 10. Hesabu mwenyewe.

Lakini kiharusi kingine si cha kuziba, ni cha mshipa kupasuka. Kwa macho huwezi kutambua tofauti, hata daktari hawezi. Kwa hiyo kwanza kichwa hupigwa picha kwa mashine. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutiwa mshipani kabla ya muda wa saa 4 na nusu kupita. Mtu aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo, inaweza kumwua. Tena, pande likiwa kubwa, mara nyingi dawa hushindwa.

Hapo ndipo wavu hutumika. Daktari hutoboa mshipa kwenye kinena, akaingiza mrija mwembamba, akausukuma kupita tumboni, kifuani na shingoni mpaka kichwani, huku akiutazama kwa eksirei. Ndani ya mrija mna wavu wa waya uliokunjwa, uitwao stenti. Ukifika penye pande hufunguliwa, nao hutanuka wenyewe na kulinasa. Daktari hungoja dakika chache, kisha huvuta wavu na pande pamoja, akavitoa nje. Wavu huu haubaki kichwani. Stenti za kubaki ni jambo jingine: mwaka 2011 Wamarekani walizijaribu kwa wagonjwa ambao mishipa yao ya ubongo ilikuwa imekuwa myembamba, wakasimamisha kuandika wagonjwa wapya, maana waliotiwa stenti walipata viharusi na vifo zaidi kuliko waliopewa dawa tu.

Je, wavu wa kuvuta unafaa? Madaktari wa Uholanzi waliwapima wagonjwa 500 katika hospitali 16, wakatoa habari zao mwaka 2015. Wengine walipewa matibabu ya kawaida tu. Wengine waliongezewa kazi ya kutoa pande, wengi wao kwa wavu huu. Baada ya siku 90, katika kila wagonjwa 100 wa kawaida, 19 waliweza kujitegemea. Kwa wale wengine walikuwa 33 hivi. Idadi ya vifo ilikuwa karibu sawa. Basi si dawa ya miujiza, lakini kuvaa nguo yako mwenyewe si jambo dogo.

Waholanzi walianza kazi hiyo kabla ya muda wa saa 6 kupita. Tangu mwaka 2018 imejulikana kwamba wagonjwa wengine, wakichaguliwa kwa picha, hufaidika hata ndani ya saa 24. Hospitali zenye wavu ni chache. Hata hivyo, popote utakapompeleka mgonjwa wako, daktari atauliza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Wewe uliyejifunza kuandika, iandike saa hiyo kwenye karatasi na kuishika mkononi. Mgonjwa usimpe chai wala maji, maana huenda hamezi vizuri, ikaingia mapafuni. Aspirini pia usimpe kabla ya picha.

Zoezi. Mtu alilala saa 4 usiku akiwa mzima. Saa 11 alfajiri aliamka mkono umepooza. Daktari atahesabu kuanzia saa ngapi? Muda gani umekwisha pita?