Alanis Obomsawin: Fanani Nyuma ya Kamera

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa muda mrefu, wenyeji asilia wa Kanada walisimuliwa katika filamu na watu ambao hawakuwahi kukilalia kitanda chao. Kazi za Alanis Obomsawin wa jamii ya Abenaki zinadhihirisha yanayotokea wenye kitanda wanapojisemea.

Obomsawin alizaliwa mwaka wa 1932 nchini Marekani, akalelewa Odanak, kijiji cha Waabenaki jimboni Quebec, alikozifahamu ngano na nyimbo za watu wake. Kabla ya filamu alikuwa mwimbaji na msimulizi. Yaani, fanani kwa maana kamili ya neno hilo. Mwaka wa 1967 alianza kazi katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Filamu yake ya kwanza, Christmas at Moose Factory (1971), imejengwa kwa michoro na sauti za watoto wa jamii ya Cree waliokuwa katika shule ya bweni.

Mbinu yake inastahili kuzingatiwa. Obomsawin hutangulia peke yake akiwa na kinasa sauti, akaketi na kusikiliza. Kamera hufuata baadaye. Mzungumzaji asiyezungukwa na taa na mafundi hasemi ya kupendeza macho. Husema yaliyomo moyoni. Hivyo basi, neno ndilo linaloitangulia picha, kama ilivyo katika fasihi simulizi.

Mbinu hii ilijaribiwa vikali mwaka wa 1990, mji wa Oka ulipotaka kupanua uwanja wa gofu kwenye msitu wa misonobari uliokaribiana na makaburi ya Wamohawk. Mapambano yaliendelea kwa siku 78, polisi na hatimaye jeshi wakihusishwa. Obomsawin alikaa ndani ya vizuizi pamoja na Wamohawk akipiga picha. Filamu iliyotokea, Kanehsatake: 270 Years of Resistance (1993), haiishii kwenye bunduki. Inarudi karne ya kumi na nane, ardhi hiyo ilipokabidhiwa mapadri wa Kifaransa, ili mtazamaji aelewe chanzo cha hasira.

Je, msimulizi wa ndani hawezi kupendelea upande wake? Swali hili ni la haki. Hata hivyo, katika Incident at Restigouche (1984), inayohusu uvamizi wa polisi dhidi ya wavuvi wa Mi'kmaq mwaka wa 1981, Obomsawin alimhoji waziri aliyehusika na kubishana naye waziwazi. Upande wa pili haukufichwa; ulitakiwa kujibu.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda nyanjani kukusanya ngano ana la kujifunza hapa. Fanani si kisima cha kuchotwa maji na kuachwa. Ni mwenye hadithi, na jina lake linastahili kusafiri pamoja nayo.