Gimlet: Jini na Ndimu za Mabaharia

Gimlet ni kokteli ya Kiingereza yenye vitu viwili tu: jini, yaani pombe kali inayonukia matunda ya mreteni, na sharubati ya ndimu. Chimbuko lake ni melini. Mwaka 1867 sheria ya Uingereza ilizilazimu meli za biashara kubeba maji ya ndimu au limau ili kuwakinga mabaharia na kiseyeye (ndimu, kwa kweli, ina vitamini C kidogo kuliko limau). Mwaka huohuo Lauchlin Rose wa Leith, Uskoti, alipata hataza ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari badala ya pombe. Kitabu cha The Savoy Cocktail Book cha 1930 kinataka jini na sharubati hiyo nusu kwa nusu, na Raymond Chandler akaipa kokteli hii jina kubwa katika riwaya yake ya 1953, The Long Goodbye. Kwa wanywaji wa leo kipimo hicho kimezidi utamu. Jini mililita 60 kwa sharubati 20 inafaa zaidi.

Sharubati ya kujitengenezea hushinda ya dukani. Ndimu sita humenywa ganda la kijani peke yake, maana weupe wa ndani ni mchungu. Maganda hufikichwa na sukari gramu 150 na kuachwa saa chache, hadi sukari ilowe mafuta yake na kunata vidoleni. Kisha hutiwa maji ya ndimu hizohizo, mililita 150 hivi, hukorogwa, huchujwa na kuwekwa kwenye friji. Isichemshwe: moto hufukuza harufu ya ndimu mbichi.

Ajabu iko kwenye kutikisa jini na sharubati pamoja na barafu. Barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0, lakini kinywaji hutoka kikiwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Pombe hushusha kiwango cha kuganda, hivyo barafu huendelea kuyeyuka hata hapo, na kila inapoyeyuka hunyonya joto la kimiminika kinachoizunguka. Maji yake nayo hupunguza ukali. Chupa ya jamu yenye kifuniko kinachobana inatosha, na sekunde 15 pia. Barafu iwe vipande vikubwa vikavu.

Utamu wake usimdanganye mnywaji. Mililita 60 za jini ya asilimia 40 zina alkoholi gramu 19 hivi, zaidi ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.5.