Njugu, Kokwa na Mti Usio na Jina: Tatizo la Msamiati katika Mpaka wa Busia na Malaba

Mtafsiri akikabidhiwa hadithi ya kigeni ihusuyo bustani ya kokwa yenye nguvu za ajabu, ambayo kijiji kizima huivuna kwa pamoja, na akatakiwa aifasiri kwa ajili ya wasomaji wa Busia na Malaba, atakwama tangu neno la kwanza. Kiswahili hakina jina moja linalojumuisha korosho, lozi, nazi na karanga. Kokwa huleta kwanza picha ya mbegu ya embe au ya tende. Akiandika njugu, msomaji wa Busia atashangaa bustani hiyo ni ya namna gani, kwa maana njugu hung'olewa ardhini; hakuna azichumaye mtini.

Neno njugu lenyewe lina historia ndefu. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamelirejesha hadi katika lugha mame, likiwa jina la zao la Kiafrika, Vigna subterranea, yaani njugu mawe. Arachis hypogaea lilitoka Amerika ya Kusini na kufika Afrika baada ya Wareno. Likapewa jina la ndugu yake kwa kuwa nalo huzaa chini. Matokeo yake ni kwamba nchini Kenya anayeagiza njugu hupewa karanga, na nchini Tanzania aghalabu hupewa njugu mawe. Lugha za mpakani zimejiepusha na utata huu. Waluhya huita njugu mawe tsimbande, Waganda empande, Wajaluo bande. Ni dhahiri kwamba neno hilo limevuka mipaka ya Kibantu na Kinailoti. Karanga nazo Iteso huziita emaido, jina linalokaribiana sana na maido la Kisoga.

Pamoja na hayo, bustani ya hadithini inao mfano wa kweli. Kaskazini mwa Iteso wa Malaba na Amukura, katika nchi ya ndugu zao wa Uganda na vilevile Lango na Acholi, humea Vitellaria paradoxa, mti ambao Iteso huuita ekungur na Walango yao. Hakuna aupandaye kwa safu. Hujiotea wenyewe, na mkulima anapofyeka shamba huuacha umesimama. Huchukua miaka kumi na mitano au zaidi kabla ya kuzaa. Matunda hayachumwi, bali husubiriwa yaanguke. Wanawake na watoto huamka alfajiri kuyaokota. Nyama yake tamu huliwa papo hapo. Kokwa hukaushwa, huvunjwa, hukaangwa, husagwa na kuchemshwa hadi mafuta yaelee juu. Kuukata mti huu ni mwiko.

Hapa neno mwiko linastahili kuangaliwa. Mtafsiri mwepesi angesema bustani "iliyorogwa", nalo lingekuwa kosa, kwani kuroga ni kudhuru. Mahali penye kuheshimiwa na kuogopwa pana mzimu au pana mwiko, na hakuna mchawi aliyehusika. Hali kadhalika mavuno ya pamoja: neno ujima lingefaa, ila waandishi wa Tanzania katika miaka ya 1970 walilitumia mno kuitaja hatua ya kwanza ya maendeleo ya jamii, hata likapoteza harufu ya jembe. Kwa Wajaluo kazi ya namna hiyo ni saga. Kwa Iteso wa Kenya, ambao Ivan Karp aliwaandikia kitabu mwaka 1978, shukrani ya kazi ni pombe inywewayo kwa mirija kutoka chungu kimoja.

Mwiko huo umedhoofika. Mti huu hutoa mkaa mzuri, na tangu mwaka 1998 umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Mwezi Mei 2023 Rais wa Uganda alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi hiyo. Mti unaanguka kabla Kiswahili hakijaupa jina, na mwalimu wa Malaba atakaye kuwaeleza wanafunzi habari zake hana neno la kuanzia.

Je, uitwe nini? Ekungur ikiingizwa katika ngeli ya M-/MI- itazaa mkunguru, na mkunguru tayari ni homa impatayo mgeni asiyezoea hewa ya mahali. Tunda lake nalo litakuwa kunguru, ndege mwizi! Yao itazaa myao, na hapo Wayao wa kusini watakuwa na haki ya kuuliza wamekosa nini. Lipo pia neno shea, lililotoka Afrika Magharibi na kuenea duniani pamoja na mafuta yenyewe: mshea, mishea. Ni neno jepesi, lakini humfanya Mteso aujue mti wa babu yake kwa jina la kutoka mbali. Kati ya hayo matatu, myao lina udhaifu mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu upatanisho wa kisarufi hutenganisha maana: Myao amekuja, Wayao wamekuja, myao umezaa, miyao imezaa.