Dakika Kumi za Asubuhi Zinazolinda Pesa Zako

Hebu jiulize: leo asubuhi ulishika simu kufanya nini kwanza? Wengi wetu tunafungua WhatsApp kabla hata ya kushuka kitandani. Halafu TikTok. Ukija kushtuka, nusu saa imeenda, umechelewa, na badala ya matatu unaita boda. Siku haijaanza vizuri na tayari umetumia pesa ambazo hukupanga kutumia.

Nasema haya kwa sababu nilikuwa hivyo. Kila mwezi nilikuwa najiuliza mshahara umeenda wapi. Siku moja nikaomba taarifa ya akaunti yangu kwenye simu na kuisoma mstari kwa mstari. Hakukuwa na wizi wowote. Kulikuwa na mia mbili hapa, mia tatu pale, na ada kila mara. Ada peke yake zingeninunulia unga wa wiki nzima.

Tangu hapo nina utaratibu mdogo wa asubuhi. Unachukua dakika kumi, na unahitaji simu, kalamu na daftari tu.

1. Angalia salio kabla ya mitandao

Ukiamka, anza na salio lako, kisha pitia ujumbe wa malipo ya jana. Kuna muamala usioutambua? Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja. Usingoje jioni.

Asubuhi kichwa bado kimetulia. Ukishaanza kusoma habari za group, umakini unatawanyika na hesabu inakuwa kazi ngumu.

2. Tenga pesa zako na za wenyewe

Salio linaweza kukudanganya. Chukua mfano wa mwendesha boda anayeamka na shilingi 1,350 kwenye simu. Anajiona yuko sawa. Lakini 400 ni za mwenye pikipiki, 500 ni za mafuta ya leo, na 200 ni za chama. Zake hasa ni 250. Asipoandika hivyo asubuhi, saa sita atakula na kununua kredo kana kwamba ana 1,350, na jioni atakopa ili amlipe mwenye pikipiki.

Kwa hivyo andika namba tatu: zilizopo, ambazo lazima zitoke leo, na zinazobaki. Hiyo ya tatu ndiyo bajeti yako.

3. Weka akiba kabla siku haijaanza

Ukingoja kuweka kitakachobaki usiku, mara nyingi hakibaki kitu. Weka asubuhi, hata kama ni kidogo. Shilingi 50 kila siku ni 1,500 kwa siku 30, na 18,250 kwa mwaka. Kama kodi ya nyumba ni 6,000, ukitenga 200 kila siku, mwezi ukiisha landlord akipiga simu unapokea bila wasiwasi.

Angalia kwanza kama huduma unayotumia inatoza ada ya kuweka akiba. Ikiwa inatoza, kusanya na uweke mara moja kwa wiki.

4. Panga malipo pamoja

Kutoa 200 kwa wakala mara tano maana yake ni kulipa ada mara tano. Ukijua asubuhi kwamba wiki hii utahitaji 1,000 taslimu, toa mara moja. Na kama duka lina till, lipia hapo badala ya kutoa pesa kwanza.

5. Tazama deni machoni

Kama umekopa kwa simu, andika deni na siku ya kulipa. Mikopo mingine ya kuongezea salio hujikata yenyewe pesa zikiingia. Mteja anakutumia 1,000 ya kununua stoki, unapata 400, na mipango yako yote inavurugika. Ukilijua deni lako mapema, utapanga stoki kulingana na kile utakachobaki nacho.

6. Chagua kazi moja

Mwisho, andika kazi moja ambayo ikikamilika leo italeta pesa au itazuia hasara: kumkumbusha mteja anayedaiwa, kupeleka mzigo, au kulipia tokeni za stima kabla hazijaisha. Ifanye kabla ya saa nne.

Jambo la mwisho

Mtu akikupigia asubuhi na mapema akisema amekutumia pesa kimakosa, usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Ujumbe unaweza kughushiwa. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Jaribu utaratibu huu kwa siku saba. Hautakuongezea mshahara, lakini utajua kila shilingi inaenda wapi kabla haijaondoka. Anza kesho, kabla ya kufungua WhatsApp.