Mbu wa Isiolo watajwe kwa majina yao

Kwa mkazi wa Chechelesi, mjini Isiolo, mbu ni mbu: hulia sikioni usiku, huuma, na mtoto akishikwa na homa lawama ni zake. Wataalamu nao kwa miaka mingi waliwaita kwa jina moja, Anopheles gambiae, mbu ambao leo wamegawanywa katika spishi zisizopungua 8. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, majaribio ya kuwazalisha pamoja yalionyesha kwamba madume wa machotara wengi huzaliwa tasa, dalili kwamba wazazi si spishi moja. Hadubini haiwezi kumtenga gambiae halisi na arabiensis, anayestahimili ukame, wala na quadriannulatus wa kusini mwa Afrika, ambaye hupendelea damu ya mifugo na hahesabiwi kuwa mwenezaji wa malaria. Tangu 1993 kipo kipimo cha vinasaba kinachowatenganisha, na mguu mmoja wa mbu unakitosha.

Wapo watakaosema huo ni ubishi wa maabara, kwa kuwa neti humzuia mbu yeyote. Neti ni kinga kubwa na isiachwe. Lakini arabiensis mara nyingi huuma nje, watu wakiwa bado hawajalala, na hunywa pia damu ya ng'ombe, kwa hiyo neti na dawa ya ukutani humkosa kwa urahisi. Tena kuna ushahidi wa Pare, Tanganyika, ambako nyumba zilipulizwa dawa katika miaka ya 1950. Anopheles funestus alitoweka, na ndugu yake rivulorum, anayefanana naye sana lakini hupendelea mifugo, akaongezeka. Nani angejua kwamba kazi imefaulu kama wote wangeandikwa funestus?

Suala hili sasa linaigusa Isiolo kwa karibu. Anopheles stephensi, mbu wa Asia aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na baadaye Ethiopia, aligunduliwa Marsabit mwishoni mwa 2022, zikiwemo sampuli za Laisamis, mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Isiolo kwenda Moyale. Si ndugu wa karibu wa gambiae, ila mtazamaji wa haraka huweza kuwachanganya. Gambiae huzaliana zaidi kwenye madimbwi ya mvua. Stephensi hupenda matangi na mapipa ya maji, yaani vyombo ambavyo mji mkavu hauwezi kuishi bila kuwa navyo, hata kiangazi. Anayemdhania kuwa gambiae atafukia madimbwi na kuliacha tangi wazi. Gharama ya vipimo ni hoja ya kweli, lakini si lazima kila mbu apelekwe maabara. Viluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, hali wale wa Culex na Aedes huning'inia kichwa chini. Afisa wa afya akiwakuta waliolala hivyo ndani ya tangi, hao wachache ndio wa kuhifadhiwa kwenye spiriti na kutumwa kwa kipimo cha vinasaba, pamoja na maelezo ya mahali walipopatikana.