Kutoka steji ya Voi hadi Taveta: ‘Pick up’ moja, maana tele

Simama dakika tano tu kwenye steji ya Voi na utege sikio. Kondakta wa matatu ya Wundanyi anamwambia dereva kuna abiria wawili wa ‘kupick’ pale mbele. Mtu wa bodaboda amepiga simu mara ya tatu, kisha analalamika: “Huyu mteja hapick!” Kando yao imeegeshwa pikapu iliyosheheni kabichi. Neno ni lile lile mara tatu, na hakuna aliyehitaji kamusi.

Shida huanza ukilitoa neno hilo steji na kulipeleka kwingine: kwenye chumba cha mtihani, kwenye mahojiano ya kazi katika loji za Tsavo, au mbele ya mgeni aliyeshuka kwenye treni ya SGR na anatafuta gari lake. Huko, ‘pick’ na ‘pick up’ si ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na hako kaneno ‘up’ ambako sisi Wakenya hupenda kukaacha njiani. Ukimwandikia mgeni “I will pick you at Voi station”, Kenya nzima itakuelewa. Mgeni kutoka Uingereza pia atakuelewa, ila kwanza atasikia kama kwamba umemchagua, jinsi kocha anavyochagua mchezaji. ‘Pick’ peke yake ni kuchagua au kuchuma. ‘Pick up’ ndiyo kumpitia mtu umchukue. Fikiria shamba la nyanya. Ukiambiwa “pick the tomatoes”, unazichuma kwenye mche. Ukiambiwa “pick up the tomatoes”, unaokota zilizoanguka, au unapita sokoni kuzichukua. Tajiri akikutuma ile ya kwanza nawe ukafanya ya pili, jioni hamtaelewana kuhusu malipo.

Lakini usijidharau kwa kuacha hiyo ‘up’. Wataalamu wa lugha wameiona tabia hii kwa miaka mingi katika Kimombo cha Afrika Mashariki. Mimi naona chanzo kiko mdomoni mwetu wenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mizigo yake ndani: okota, okotea, okotwa, okotana. Hakivuti trela nyuma. Basi mtaa ulipolikopa neno la Mzungu ulichukua kichwa, mkia ukauacha huko huko.

Sasa panda gari twende. Madaraka Express, ambayo imekuwa ikipita Voi tangu 2017, inapong’oa nanga stesheni huanza polepole, halafu “it picks up speed”. Inaongeza kasi. Ukielekea Wundanyi, huko juu milimani baridi si mchezo, na usipobeba sweta utarudi na mafua: “I picked up a cold.” Hebu angalia hapo. Kwa Kiswahili mafua ndiyo hukushika wewe, wewe ni mwathiriwa tu. Kwa Kimombo ni wewe uliyeyaokota, kana kwamba ulikuwa umeinama kuyatafuta.

Ukifika Taveta ndipo utamu unazidi. Simu yako huenda ikashika mtandao wa Tanzania kabla hujavuka mpaka. “My phone has picked up a Tanzanian network,” utasema, huku ukizima data haraka kabla salio halijayeyuka. Kijana wa pale sokoni, ambaye huuziana na Wabongo kila siku, anaongea Kiswahili cha ng’ambo ya pili vizuri bila kufunzwa na mtu. Huyo “has picked up” lafudhi. Ameidaka tu. Na lori linalokuja kubeba ndizi? “It picks up bananas.” Linapakia. Kushika, kudaka, kupakia: tumetumia vitenzi vitatu, Mwingereza ametumia kimoja.

Kama ndoto yako ni kazi ya utalii, hapa tulia kidogo. Miezi ya Julai na Agosti wageni wanapoongezeka mbugani, meneja atasema “business is picking up”. Biashara inachangamka, pengine na wewe utaitwa kazini. Mgeni mmoja mezani akisema “I’ll pick up the bill”, usimletee karatasi na kumwachia aiokote. Anasema yeye ndiye atakayelipia wote. Ukikosea hapo utazunguka meza nzima na bili mkononi huku wenzake wakikutazama.

Au wewe ni gaidi wa watalii, unawasimulia habari za simba walioshambulia wajenzi wa reli mwaka 1898. Mara ndovu wanakatiza barabara, wekundu kwa vumbi la Tsavo, gari zima linanyamaza, kamera zinatoka. Wakishapita, mgeni atakuambia: “Please pick up where you left off.” Hajaona kitu kimedondoka chini. Anataka uendelee na hadithi pale ulipoikatiza.

Kuna nyingine mbili ambazo ni heri uzijue mapema. “He was picked up last night” katika habari za polisi ina maana kwamba alikamatwa. Na dada anayefanya kazi hotelini akisema “that man tried to pick me up”, huenda hazungumzii lifti hata kidogo. Huyo mwanaume alikuwa anamtongoza, tena mtu wasiyejuana. Meneja akidhani ni habari ya usafiri, malalamiko ya maana yatapita hivi hivi. Dada, ukiona hivyo ongeza maneno yasiyo na utata: mwambie kwamba mgeni anakusumbua.

Kwa wewe unayejiandaa kwa KCSE, vitenzi vya aina hii hujitokeza katika sehemu ya sarufi ya Karatasi ya Pili ya Kiingereza. Kumbuka kitu kimoja: “pick up the phone” ni sawa, “pick the phone up” ni sawa, “pick it up” ni sawa. “Pick up it” hapana. Vijineno vidogo kama ‘it’, ‘him’ na ‘them’ lazima viingie katikati. Kukariri orodha ndefu usiku wa kuamkia mtihani hakusaidii sana. Afadhali uchukue sentensi za safari yako mwenyewe, za treni, za simu na za ndizi, uziandike daftarini.

Ukichoka, muonee huruma mgeni anayejifunza Kiswahili. Anaambiwa apige simu, apige pasi, apige mswaki, apige picha, na hatimaye apige magoti, na katika hayo yote hakuna aliyechapwa hata kofi.

Na kabla hujauliza: pikapu ni mtoto halali wa ‘pick up’, imekuja kwetu na mkia wake wote. Pikipiki haimo katika ukoo huo. Hiyo ilijiita yenyewe kwa mlio wa injini yake.